Mkamatwa na ngozi si lazima awe mwizi: maswali yenu kuhusu chanzo cha magonjwa

Barua za safari hii zinatofautiana sana, ila nyingi zinazunguka jambo moja: watafiti wanajuaje kwamba kitu fulani ndicho kinacholeta ugonjwa, na si kwamba kimekutwa tu mahali pa tukio? Tumefupisha maswali na kuacha majina ya waulizaji.

Swali: Wahariri, habari za kazi. Nafundisha Biolojia sekondari. Kitabu kinasema bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye anayeleta vidonda vya tumbo. Mwanafunzi akauliza, mbona watu wengi wanaye na hawaumwi? Nimjibu nini?

Jibu: Njema, mwalimu. Wahenga walisema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Kwenye patholojia methali hiyo imewapoteza wengi, maana mgonjwa hukutwa na vitu chungu nzima: vingine vimeleta ugonjwa, vingine vimeletwa na ugonjwa, vingine vilikuwemo tangu zamani.

Robert Koch, mwishoni mwa karne ya 19, aliweka masharti ya kumtia kijidudu hatiani. Kikutwe kwa wagonjwa. Kitolewe na kuoteshwa peke yake. Kikiingizwa kwa mwenye afya kilete ugonjwa uleule. Kisha kitolewe tena kwa huyo aliyeambukizwa na kiwe ni kilekile. Masharti mazuri, lakini Koch mwenyewe aliona yakivunjika, kwani kuna watu wanaobeba vimelea vya kipindupindu bila kuharisha. Bakteria wa ukoma naye hadi leo hajakubali kuoteshwa kwenye sahani ya maabara, na hakuna anayemtilia shaka kwa sababu hiyo.

Huyu wa tumboni alikuwa mgumu vilevile. Robin Warren, mwanapatholojia wa Perth, Australia, alianza kumwona chini ya hadubini mwaka 1979 kwenye vipande vidogo vya ukuta wa tumbo. Barry Marshall akajiunga naye baadaye, wakajaribu kumwotesha wakashindwa. Kosa halikuwa kwenye chakula cha bakteria bali kwenye saa: sahani zilikuwa zikitupwa baada ya siku 2, kwa kuwa bakteria wengi wanaopimwa hospitalini huwa wameshaota kwa muda huo. Pasaka ya 1982 sahani zikaachwa kwenye kabati la joto siku 5, na makoloni, yaani makundi ya bakteria yanayoonekana kwa macho, yakatokea. Mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi wa bakteria hao. Alipochunguzwa siku kadhaa baadaye, ukuta wa tumbo lake ulikuwa umevimba na bakteria wamo.

Hapo watu wengi huishia kusimulia, lakini sehemu muhimu inafuata. Marshall hakupata kidonda. Jaribio lake lilithibitisha uvimbe wa ukuta wa tumbo, basi. Kesi ya kidonda ilifungwa na majaribio ya wagonjwa: waliotibiwa kwa dawa za kupunguza asidi peke yake, vidonda vya wengi wao vilirudi ndani ya mwaka, walioongezewa antibayotiki hadi bakteria akaisha, ni wachache tu waliorudiwa. Ukiondoa kitu na ugonjwa ukaondoka usirudi, una ushahidi ambao kuona tu hakuwezi kukupa. Nobel ikafuata mwaka 2005.

Sasa wale wasioumwa. Bakteria hawa hawafanani: aina fulani zina protini iitwayo CagA, ambayo huchomwa ndani ya seli za tumbo kwa kifaa kama sindano na kuvuruga mawasiliano ya seli hizo, na aina nyingine hazina. Watu nao hawafanani kwa asidi wanayotoa wala kwa jinsi kinga zao zinavyochachamaa. Isitoshe, kidonda kinaweza kuja bila bakteria yeyote: aspirini na ibuprofeni huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, ambazo ndizo zinazolinda ute wa tumbo. Kwa hiyo mjibu mwanafunzi kwamba bakteria huyu ni chanzo, ila hatoshi peke yake, wala si yeye tu.

Kama darasa litataka la vitendo, waeleze kipimo cha pumzi. Bakteria ana kimeng'enya kinachoitwa yurease, kinachovunja yurea kuwa amonia na kaboni dayoksaidi. Mgonjwa hunywa yurea yenye kaboni 13, na kaboni hiyo ikitoka kwenye pumzi, bakteria yumo. Aliyemeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, ndani ya wiki 2 zilizopita, au antibayotiki ndani ya wiki 4, anaweza kupata jibu la uongo la "hana", kwa sababu bakteria wamepungua bila kuisha.

Swali: Majibu yangu ya damu yanaonyesha HDL, ile wanayoiita lehemu nzuri, iko chini. Mbona hakuna kidonge cha kuipandisha, wakati LDL, ile mbaya, ina vidonge vya kuishusha?

Jibu: Vidonge vilitengenezwa, tena vilipandisha kweli. Dawa ya torcetrapib iliinua HDL kwa 72%. Jaribio lake la watu wapatao 15,000 lilisimamishwa Desemba 2006 baada ya vifo 93 kwenye kundi lililoipata dhidi ya 59 kwenye kundi ambalo halikuipata. Sehemu ya madhara ilitokana na dawa yenyewe, kwani ilipandisha shinikizo la damu na homoni ya aldosteroni. Lakini dalcetrapib na evacetrapib, ndugu zake waliofuata, nazo zilipandisha HDL na hazikuzuia mshtuko wa moyo.

Kwa nini? Msaada ulitoka kwenye jeni. Kila mtu hugawiwa matoleo ya jeni zake kwa bahati nasibu pale anapotungwa mimba, kabla hajaanza kuvuta sigara wala kunenepa. Kwa hiyo ukiwapata watu ambao jeni imewapa HDL ya juu maisha yao yote, una kitu kinachokaribia jaribio lililokwisha kufanyika. Mwaka 2012 watafiti walichunguza wenye badiliko la namna hiyo kwenye jeni ya LIPG. HDL yao ilikuwa juu, lakini mshtuko wa moyo uliwapata sawa na wengine.

Linganisha na LDL. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba Wamarekani weusi waliozaliwa na jeni ya PCSK9 iliyokatika wana LDL ya chini kwa 28%, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao umepungua kwa 88%. Kupungua huko ni kukubwa kuliko ambavyo vidonge vya miaka mitano vingeweza kuleta, kwa sababu wao wamekaa na LDL ya chini tangu kuzaliwa. Dawa za kingamwili zinazozuia protini ya jeni hiyo ya PCSK9 ziliidhinishwa mwaka 2015.

HDL ya chini, basi, inafanana na moshi: inaonyesha kuna kitu kinaungua, lakini kupepea moshi hakuzimi moto. Daktari wako akishughulikia LDL, shinikizo la damu, sukari na sigara huku akiacha namba ya HDL ilivyo, hajakupuuza.

Swali: Habari zenu wataalamu. Mwanangu ana selimundu. Nasoma kwamba chanzo chake ni herufi moja tu ya DNA na kimejulikana miaka mingi. Kama kinajulikana, mbona tiba imechelewa hivi?

Jibu: Mama, swali lako tumelipa nafasi kubwa kwa makusudi, maana hakuna ugonjwa unaoonyesha vizuri zaidi kwamba kujua chanzo na kuwa na mkono wa kukifikia ni mambo mawili.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa hutembea kwa mwendo tofauti kwenye uwanja wa umeme. Miaka michache baadaye, Vernon Ingram akapata tofauti yenyewe: kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya 6, asidi amino iitwayo asidi ya glutamiki imeondoka na nyingine, valini, imekaa mahali pake. Kwenye DNA ni GAG kugeuka GTG. Valini hukimbia maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujibana kwenye kijishimo cha himoglobini ya jirani, jirani naye kwa jirani yake, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazopinda seli nzima.

Mpaka hapo ni kemia. Lakini nyuzi hazianzi papo hapo. Kuna muda wa kusubiri tangu oksijeni itoke hadi nyuzi zichipue, na muda huo hutegemea wingi wa himoglobini ndani ya seli kwa ukali wa ajabu: wingi ukipanda kidogo, muda hufupika mara nyingi sana. Seli ikiwahi kupita kwenye kapilari na kurudi kwenye oksijeni kabla nyuzi hazijachipua, imepona kwa safari hiyo. Ndiyo sababu mtoto anasisitizwa anywe maji: seli inayokauka himoglobini yake hujazana, na muda wa kuponea hupotea. Homa hukausha mwili. Baridi nayo hubana mishipa, seli zikachelewa njiani.

Kwa nini basi wasibadilishe herufi ile? Kwa sababu chembe nyekundu haina kiini, kwa hiyo hamna DNA ya kurekebisha ndani yake. Na hata ungeweza, yenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, badala ya 120. Ilibidi kufikia seli mama ndani ya uboho, zinazozalisha chembe hizo. Zana za kukata DNA mahali unapotaka kwa urahisi, yaani CRISPR, zilianza kuonekana mwaka 2012.

Njia iliyofanikiwa ilipitia mlango wa nyuma. Mwaka 1948 daktari wa watoto, Janet Watson, alieleza kwamba wachanga wenye selimundu hawaumwi kwa sababu bado wana himoglobini ya tumboni, yaani ile ya mtoto akiwa tumboni mwa mama, ambayo huvuruga ule mshikamano wa nyuzi. Baada ya miezi kadhaa mwili huizima. Nani anayeizima? Mnamo 2007 na 2008, uchunguzi wa jeni za watu wengi ulielekeza kidole kwenye jeni ya BCL11A. Kuelekeza kidole hakutoshi, kwa hiyo mwaka 2008 walipunguza BCL11A kwenye seli za binadamu, na himoglobini ya tumboni ikapanda. Mwaka 2011 wakaiondoa kwenye damu ya panya wenye selimundu, na ugonjwa wao ukarekebika. Mwaka 2013 wakapata swichi inayowasha BCL11A kwenye seli zinazokomaa kuwa chembe nyekundu pekee. Swichi hiyo ndiyo inayokatwa na Casgevy, tiba ya CRISPR iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Kwenye jaribio lake, wagonjwa 29 kati ya 30 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 bila shambulio kali la maumivu.

Si tiba nyepesi. Seli mama hukusanywa na kupelekwa kukatwa, kisha mgonjwa hupewa busulfani ya kuangamiza uboho uliobaki ili seli mpya zipate makao. Dawa hiyo inaweza kuharibu uwezo wa kuzaa, na wiki za kusubiri chembe zirudi ni za hatari ya maambukizi.

Na kujua utaratibu wa ugonjwa si hakikisho. Dawa ya voxelotor ilibuniwa moja kwa moja kutokana na kemia tuliyoieleza: hushikilia oksijeni kwenye himoglobini ili nyuzi zisianze. Namba ya himoglobini ilipanda kweli, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2019. Septemba 2024 mtengenezaji aliiondoa sokoni kote kwa sababu takwimu zilionyesha mashambulio na vifo vikizidi. Maelezo moja yanayojadiliwa ni kwamba himoglobini inayong'ang'ania oksijeni haiifikishi inakohitajika.

Hydroxyurea, dawa ya zamani isiyo na mbwembwe, ndiyo iliyo karibu na wengi. Jaribio la mwaka 1995 kwa watu wazima lilipunguza mashambulio kwa 44%. Kwa kawaida huanzwa kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na hesabu ya chembe za damu hupimwa mara kwa mara, kwa kuwa dozi ikizidi chembe nyeupe hushuka. Kama mwanao hajawahi kupewa, muulize daktari wake sababu.

Swali: Nimejitolea kwenye utafiti. Walinikataza kula tangu usiku, wakanitoa damu kwenye chupa tano zenye vifuniko vya rangi mbalimbali na kunizuia nisikunje ngumi. Damu si ni ileile?

Jibu: Ni ileile mpaka inapotoka mshipani. Seli zake bado zi hai na zinaendelea kula: kwenye joto la kawaida, sukari hushuka kwa 5% hadi 7% kila saa. Chupa ya kifuniko cha kijivu ina floraidi ya kuzuia ulaji huo, ingawa huchukua saa moja hadi mbili kushika barabara. Ya zambarau ina EDTA, inayonyakua kalisi ili damu isigande. Ni nzuri kwa kuhesabu chembe na kutoa DNA, lakini ukipima kalisi humo utakuta karibu hakuna, na potasiamu utaikuta juu kwa kuwa EDTA yenyewe imewekwa kama chumvi ya potasiamu. Ya kijani ina heparini, nayo ya kuzuia kuganda, ambayo huvuruga PCR, kipimo cha kunakili DNA. Ya bluu ina sitreti na lazima ijae hadi alama, damu sehemu 9 kwa sitreti sehemu 1. Ikipungua, damu itaonekana inachelewa kuganda kuliko ukweli. Nyekundu huachwa igande dakika 30, kisha huzungushwa kwa kasi ili kupata seramu, majimaji yanayobaki damu ikishaganda.

Kukunja ngumi husukuma potasiamu kutoka kwenye misuli. Sindano nyembamba au kutikisa chupa kwa nguvu hupasua chembe nyekundu, na ndani yake kuna potasiamu zaidi ya mara 20 ya ile ya plazma, majimaji ya damu yanayozibeba. Chakula chenye mafuta huifanya plazma iwe kama maziwa, na vipimo vinavyotegemea mwanga hupotoka. Asubuhi hupendelewa kwa kuwa homoni kama kortizoli huwa juu saa hizo na hushuka kufikia usiku.

Mtego mkubwa, hata hivyo, hauko kwenye chupa moja. Damu za wagonjwa zinatoka kliniki ya mbali na kukaa saa 6 kabla ya kuzungushwa; damu za wenye afya ni za wafanyakazi wa maabara, zinazungushwa ndani ya dakika 30. Protini 40 zinaonekana tofauti, makala inaandikwa, na kumbe kilichopimwa ni saa tano na nusu za kukaa mezani. Utafiti makini huweka ukomo mmoja wa muda kwa wote, hugawa plazma kwenye vichupa vidogo vya nusu mililita ili isigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara, huihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na huchanganya wagonjwa na wenye afya kwenye kila sahani ya kipimo bila mpimaji kujua nani ni nani.

Swali: Shikamooni. Ni mwanafunzi wa uzamili. Nimekata jeni kwenye seli kwa CRISPR, mfuatano wa DNA unaonyesha imekatika, lakini kwenye westani bloti, kipimo kinachoonyesha protini kwa mistari kwenye utando, mstari wa protini bado upo, umefifia tu. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Anza na linalotokea mara nyingi zaidi: seli zako ni mchanganyiko wa zilizokatwa na zisizokatwa. Zimwage kwenye sahani ya mashimo 96 kwa wastani wa nusu seli kwa kila shimo, ngoja wiki 2 hadi 3, kisha chukua mashimo yenye koloni moja tu. Soma nakala zote za jeni kwenye kila koloni. Seli nyingi za saratani zina nakala tatu au zaidi, na wewe huenda umesoma iliyokatika ukaiacha nzima. Angalia pia idadi ya herufi zilizopotea. Zikiwa 3, 6 au 9, usomaji wa jeni haukuharibika, kwa kuwa herufi husomwa tatu tatu. Protini imepoteza asidi amino chache na inaweza kufanya kazi yake vizuri tu.

Kama koloni ni safi na nakala zote zimevunjika kweli, geukia kingamwili. Endesha utando mmoja kwa kingamwili ya pili, ile inayoshika ya kwanza ili ionekane, peke yake. Mstari ukibaki, hauhusiani na protini yako. Ukitumia tishu ya panya na kingamwili ya kwanza iliyotengenezwa kwa panya, kingamwili ya pili itashika kingamwili za mnyama mwenyewe, na utaona mistari kwenye uzito wa kilodalitoni 50 na 25. Kama unatafuta protini yenye fosfati, acha kuziba utando kwa maziwa: kaseini ya maziwa nayo ina fosfati, na nyuma ya picha kutachafuka. Tumia albumini ya ng'ombe, 5%. Tafuta kingamwili nyingine inayoshika sehemu tofauti ya protini hiyohiyo. Ukipata mstari kwa moja na usiupate kwa nyingine, umeanza kuelewa.

Mambo ya mezani usiyadharau: pasua seli kwenye barafu ukiwa na vizuizi vya protease, pakia mikrogramu 20 kila njia baada ya kupima protini badala ya kukisia, chemsha nyuzi 95 kwa dakika 5. Protini inayopita kwenye utando wa seli mara nyingi usiichemshe hivyo, hujikunyata ikabaki juu ya geli.

Likibaki tatizo, huenda seli imeruka kipande ulichokata na kuunganisha vinavyobaki, au inaanzia kusoma mbele ya jeraha. Tumia mwongozo wa pili, yaani RNA inayoielekeza CRISPR pa kukata, kwenye kipande kingine, au miwili kwa pamoja ung'oe eneo kubwa.

Halafu kuna hatua ambayo wanafunzi huiona ya ziada, na sisi tunaiona ndiyo jaribio lenyewe: rudisha jeni. Badilisha herufi kwenye zile 20 za mwongozo, au kwenye alama ya NGG inayofuata, bila kubadilisha asidi amino, ili Cas9, mkasi wa CRISPR, isiikate tena. Seli ikirudia hali yake ya kwanza, badiliko uliloliona lilitoka kwenye jeni hiyo, si kwenye mkato uliotokea kwingine kwa bahati mbaya. Usiirudishe kwa wingi wa kupindukia. Swichi kali za virusi huzalisha protini mara nyingi kuliko kawaida, na chochote kikizidi hivyo huleta vituko.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha seli ni zile unazodhani. MDA-MB-435 zilitumika miaka mingi kama saratani ya matiti, kumbe ni melanoma, saratani ya ngozi. Kipimo cha alama za STR, vipande vya DNA vinavyojirudia, huthibitisha utambulisho. Kulingana kwa chini ya 80% kunatia shaka. Pima mikoplazma, bakteria mdogo anayevamia seli za maabara, kila mwezi au miwili. Haichafui maji ya seli, haina ukuta ambao penisilini ingeushambulia, na hupenya kwenye chujio la mikromita 0.22.

Swali: Kwenye makala za utafiti naona "p chini ya 0.05" na watu wanashangilia. Maana yake nini hasa?

Jibu: Kwamba kama hakuna tofauti yoyote ya kweli, matokeo kama hayo au makubwa zaidi yangejitokeza mara zisizozidi 5 katika 100. Ukipima protini 1,000 zisizohusiana na ugonjwa, takriban 50 zitapita kwa kubahatisha. Wanaochunguza jeni zote kwa pamoja ndiyo maana hudai p iwe chini ya 0.00000005. Angalia pia idadi. Seli 100 kutoka kwa kila panya, panya 3, ni panya 3, si seli 300.

Swali: Kila wiki nasoma dawa imeponya panya. Zinaishia wapi?

Jibu: Nyingi huishia hapohapo, na mara nyingine kosa si la panya. Dawa hupewa kabla ugonjwa haujaanza, wakati mgonjwa wa kweli huja akiwa ameshaumwa miezi. Panya ni ndugu wa damu, vijana, mara nyingi wa jinsia moja, wanaishi kwenye chumba cha nyuzi 22 wakati miili yao hutulia kwenye nyuzi 30 hivi, kwa hiyo wanaunguza nguvu nyingi kujipasha joto. Anayewahesabu anajua nani kapewa dawa. Kwenye ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli, kundi moja la watafiti lilijaribu upya dawa zaidi ya 70 kwa idadi kubwa ya panya, waliogawanywa sawa kwa jinsia na kwa uzao. Hakuna iliyoonyesha faida ya uhakika, hata zile zilizokuwa zimesifiwa. Dawa ya minocycline ilirefusha maisha ya panya hao, lakini kwenye jaribio la wagonjwa 412 lililochapishwa mwaka 2007, waliopewa dawa hiyo walizorota haraka zaidi ya waliopewa kidonge bandia.

Mara nyingine tofauti ya spishi ni ya kweli, na ndogo kiasi cha kutoonekana. Machi 2006 mjini London, watu sita wenye afya walidungwa kingamwili ya TGN1412, inayoamsha seli T, askari wa kinga ya mwili, kupitia kipokezi cha CD28. Dozi ilikuwa miligramu 0.1 kwa kilo, sehemu moja ya 500 ya ile iliyovumiliwa na kima. Ndani ya dakika 90 kinga zao zilimwaga kemikali zake kwa mkupuo, na viungo vikaanza kushindwa. Wote sita walinusurika, baadhi baada ya wiki nyingi za matibabu. Uchunguzi wa baadaye ulikuta kwamba kundi moja la seli T, zile za kumbukumbu, kwa kima huacha kuonyesha CD28 juu ya uso wake. Kwa binadamu huendelea kuionyesha. Kima walivumilia kwa sababu seli ambazo zingelipuka hazikuwa na kitasa cha kushikwa. Tangu hapo dozi ya kwanza kwa binadamu hukadiriwa kutokana na kiwango kidogo kabisa kinachoanza kuamsha seli za binadamu kwenye chupa, na wa pili hadungwi mpaka wa kwanza ameangaliwa muda wa kutosha. Wale sita walipishana kwa dakika 10 tu.